Mtoto anayerusha akisema kiwiko kinauma, mwamini

Mwezi wa nne mwaka huu mama mmoja alinijia kliniki akitokea Msimbati, yeye na mwanawe wa miaka 14 aliye kidato cha pili. Walikuwa wameondoka kwao kabla ya adhana ya alfajiri ili wawahi gari la mjini. Kijana aliponiamkia alinipa mkono wa kushoto. Mama akamkemea: "Salimia vizuri! Mkono gani huo?" Mtoto akabadilisha, akaninyooshea wa kulia, na hapo ndipo nilipoona kilichowaleta. Mkono haukunyooka. Kiwiko kilibaki kimekunjwa kidogo, kama cha mtu aliyebeba kapu la samaki.

Nikauliza kama ameanguka. Hajaanguka. Amepigwa? Hajapigwa.

"Anarusha," mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kulieleza jambo hilo. "Kutwa anarusha tu, dokta."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu wa michezo alimwona akiangusha maembe kwa jiwe, hakosi, akamwingiza kwenye kurusha mkuki kwa maandalizi ya UMISSETA. Kisha mjomba wake, nahodha wa mashua ya uvuvi, akamwonyesha kwenye simu video za vijana wa Uganda wanaorusha mpira wa besiboli na kusajiliwa Marekani. Basi mkuki ukawa wa shuleni na besiboli ikawa ya ufukweni. Kila jioni kijana alisimama mchangani, akahesabu hatua ishirini kutoka kwenye mnazi, akaurushia mnazi ule mpira wa tenisi uliokwisha manyoya. Mpira ulipochukuliwa na maji akaendelea kwa mawe. Mara mia kwa siku, Jumamosi mara mia mbili.

Maumivu yalianza mwezi wa pili. Hakumwambia mtu, kwa sababu anayelalamika huachwa kwenye timu. Mama aligundua siku alipomkuta anakula ubwabwa kwa mkono wa kushoto.

Nilipokuwa nampima, mtoto aliniuliza swali moja tu: "Dokta, mkono huu unaweza kunifikisha Marekani?"

Msomaji wangu, nilimjibu kwa ukweli, na leo nakujibu na wewe, hasa wewe mzazi au mlezi mwenye mtoto anayesifiwa kwa mkono wake.

Inawezekana. Jirani zetu Waganda wameonyesha. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto kule Williamsport, Marekani, baada ya timu ya Uganda iliyofuzu mwaka uliotangulia kukosa viza. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers ilisajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Pittsburgh Pirates nao wakamchukua David Matoma, mrushaji wa mkono wa kulia ambaye mpira wake umefika mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Huo ni mara mbili ya mwendo unaoruhusiwa kwa basi linalokwenda Dar es Salaam.

Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji husimama mita 18 na nusu hivi kutoka kwa mpigaji, akamrushia mpira mgumu wa ngozi usiofika gramu 150. Mpigaji ameshika rungu, na ana chini ya nusu sekunde ya kuamua apige au aache. Akina mama mliocheza rede utotoni mnakumbuka jinsi msichana mwenye mkono mzito na shabaha alivyoogopwa. Ndiye huyo huyo, ila kule analipwa.

Lakini kusajiliwa si kufika. Klabu 30 za ligi kuu ya besiboli Marekani zina timu 120 za chini, katika ngazi nne zinazopandana, na chini yake tena kuna ligi za wanaoanza huko Florida, Arizona na Jamhuri ya Dominika. Ni kama Championship na First League kwetu, ila timu za huko chini zinatumikia klabu za juu: mchezaji ni wa klabu kubwa, anapandishwa, anashushwa au anaachwa kwa neno moja. Mwaka 2023, wachezaji hao wa chini walipopata mkataba wao wa kwanza wa pamoja, mshahara wa chini katika ngazi ya mwanzo ulipanda hadi dola 19,800 kwa mwaka, na katika ngazi ya juu kabisa dola 35,800. Ukizisikia Msimbati ni fedha nyingi. Ukiishi nazo Marekani, unahesabu kila senti.

Mwafrika wa kwanza kurusha katika ligi kuu hiyo ni Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg. Alichaguliwa na Chicago Cubs mwaka 2011, na siku yake ya kwanza ligi kuu ilikuja mwaka 2019, akiwa na klabu nyingine. Miaka minane. Nilimwambia yule kijana ahesabu: ukianza leo miaka minane, utakuwa na miaka 22. Mkono unaouhitaji ni wa miaka 22, wa 14 hautakufikisha. Akatabasamu kidogo. Mama hakutabasamu.

Sasa tuingie ndani ya kiwiko.

Inua mkono wako kana kwamba unataka kurusha jiwe. Kiganja kinarudi nyuma ya kichwa, kiwiko kinatangulia mbele. Katika nukta hiyo, upande wa ndani wa kiwiko, ule ulio karibu na mbavu mkono ukiwa umelegea, unavutwa kama unataka kufunguka. Kuna kano moja fupi inayoshika mfupa wa juu na wa chini pasifunguke. Mrushaji mkubwa anaporusha kwa nguvu zote, mvuto unaopita pale unatosha kuikata kano hiyo kama ingekuwa peke yake. Kinachoiokoa ni misuli ya kigasha inayobeba sehemu ya mzigo. Misuli ikichoka, kano inabaki peke yake. Ndiyo maana sisi madaktari tunauogopa uchovu kuliko tunavyoogopa nguvu.

Kano hiyo ikikatika, zamani kazi ya mrushaji iliishia hapo. Mwaka 1974 mrushaji wa Dodgers aliyeitwa Tommy John, akiwa na miaka 31, alikatika. Daktari wa mifupa Frank Jobe akachukua mshipa mgumu wa msuli kutoka kwenye kigasha na kuupitisha katika matundu aliyotoboa kwenye mifupa ya kiwiko, uwe kano mpya. Unaweza kuuona mshipa wa aina hiyo kwako sasa hivi: kutanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kiganja kidogo kuelekea kwako. Uzi unaosimama katikati ya kifundo cha mkono ndio wenyewe. Usipouona usishtuke, watu wengine wamezaliwa bila huo na mkono wao hauna kasoro yoyote.

Tommy John alirudi uwanjani mwaka 1976 akacheza hadi 1989. Upasuaji ukachukua jina lake, na leo ni jambo la kawaida kwa warushaji wa Marekani wa ngazi zote. Ubaya wake ni huu: wapo wazazi kule walioanza kuamini kwamba upasuaji huo unaongeza nguvu ya mkono. Hauongezi. Unarudisha kilichokatika, kwa wale inaowafaa, baada ya mwaka mzima au zaidi wa mazoezi ya tiba. Kwa mtoto wa miaka 14, hata swali lake si hilo.

Kwa mtoto, kilicho dhaifu si kano. Mifupa yake inakua, na mahali inapokulia ni gegedu laini ambalo bado halijawa mfupa. Pale kano na misuli inaposhika upande wa ndani wa kiwiko pana kipande cha mfupa kilichounganishwa na mwili wa mfupa kwa gegedu hilo. Kwa wengi huungana kabisa kati ya miaka 14 na 17, wasichana wakitangulia.

Wavuvi wananielewa haraka kwa mfano huu. Funga kamba mpya ya mashua kwenye kijiti ulichochomeka mchanga mbichi, kisha acha maji yaivute mashua. Kamba haikatiki. Kijiti ndicho kinachong'oka.

Kila mrusho unakivuta kijiti. Mmoja hauna neno, hata hamsini mtoto akipumzika baadaye. Lakini mia kila siku, juu yake mkuki, juu yake ndoo za maji na kupalilia korosho, gegedu linavimba, mwanya unapanuka, mtoto anaanza kukunja mkono bila kujua. Akiendelea, siku moja anarusha kwa nguvu, anasikia kitu kimelia ndani, na kipande cha mfupa kimetoka mahali pake.

Nayajua haya kwa sababu niliwahi kukosea. Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari mpya kwenye hospitali nyingine, aliletwa binti wa kidato cha tatu, mrusha mkuki, kiwiko kinauma wiki tatu. Nilibonyeza, nikaona uvimbe mdogo, nikaandika daiklofenaki na dawa ya kuchua. Mwalimu wake aliomba barua ya kuruhusu ashindane siku nne baadaye. Niliiandika. Nilikuwa na foleni ndefu na binti mwenyewe aliniambia haumwi sana. Sikumuuliza ana haja gani ya kusema hivyo. Alirudi na mkono umefungwa kwa kanga, kipande cha mfupa kimeng'oka na kimesogea. Alipasuliwa, akapona kwa maana ya kwamba halalamiki maumivu. Lakini mkono wake haunyooki wote mpaka leo, na mkuki hakuushika tena. Dawa niliyompa haikumtibu. Ilimzuia kusikia mwili wake ulichokuwa ukimwambia.

Kwa hiyo mzazi, ukisikia mtoto anayerusha, iwe mkuki, tufe, kriketi, mpira wa mikono, au anayepiga mpira wa wavu kila siku, anasema upande wa ndani wa kiwiko unauma, usimwambie ni uchovu wa mazoezi. Uchovu wa misuli huuma katikati ya nyama na huisha siku mbili tatu. Maumivu ya kwenye mfupa, karibu na kiungo, yanayorudi kila akirusha, ni jambo jingine. Mwangalie mikono yote miwili ikiwa imenyooshwa mbele, viganja juu. Mmoja ukibaki umekunjwa, mlete hospitali wiki hiyo hiyo. Muulize kama vidole viwili vya mwisho vinapata ganzi, kwa sababu mshipa wa fahamu unapita papo hapo. Muulize kama kiwiko kinakwama kikikunjwa, maana huenda kuna kipande kidogo kinachoelea ndani ya kiungo. Na ukiona shabaha yake imeharibika ghafla bila sababu, usimsute. Mara nyingi mkono hubadili njia ili ukwepe maumivu kabla mtoto hajakubali kusema.

Hospitali tutapiga picha ya eksirei ya viwiko vyote viwili, kile kizima kikiwa cha kulinganishia. Usikatae gharama ya cha pili. Kwa mtoto anayekua, picha ya upande mmoja inaweza kumdanganya hata daktari mzoefu.

Na nakuomba sana kuhusu kukanda. Najua kwetu mtoto akiumia kiungo hupelekwa kwa mkandaji, maji ya moto, mafuta, kisha mkono unavutwa unyooke. Kuchua msuli taratibu sina ugomvi nako. Lakini kiwiko kilichovimba kikivutwa kwa nguvu, mwili unaweza kuanza kujenga mfupa ndani ya msuli mahali usipotakiwa kuwa, na hapo kiwiko hukakamaa hasa. Nimewaona. Ni tatizo gumu kulirekebisha hata kwa mabingwa wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili.

Kuna maumivu mengine ambayo hayahusiani na kurusha, na nisingependa uyachanganye. Mtoto mwenye homa na kiungo kilichovimba chenye joto anahitaji hospitali siku hiyo hiyo, si kesho. Mwenye sikoseli akiumwa mfupa asisubiri. Maumivu yanayomwamsha usiku ilhali mchana hakufanya kitu, au uvimbe unaokua wiki hadi wiki, yaletwe mapema.

Sasa, arushe mara ngapi? Kwa mkuki sina namba ya kukupa kama ninayoweza kukupa kwa besiboli, na besiboli ina namba kwa sababu wao waliumia wengi kwanza. Mwaka 2014 ligi kuu ya Marekani na chama cha besiboli cha nchi hiyo vilitoa mwongozo wa umri. Mtoto wa miaka 9 na 10 asizidi mirusho 75 kwa siku ya mechi, wa 11 na 12 isizidi 85, wa 13 hadi 16 isizidi 95. Hiyo ni mipaka, si shabaha. Na aliye na miaka 14 au chini akifikisha 66, apumzike siku nne kamili kabla ya kurusha tena kwenye mechi. Kila mwaka apate angalau miezi minne ya kutorusha kabisa. Utafiti mmoja wa huko uliwalinganisha vijana warushaji waliofanyiwa upasuaji wa bega au kiwiko na wenzao wasioumia. Waliokuwa na desturi ya kurusha huku mkono umechoka walikuwa kwenye kundi la waliopasuliwa mara 36 zaidi.

Mpira wao, kumbuka, haufiki gramu 150. Mkuki wa wanawake una gramu 600, wa wanaume wakubwa 800. Mwalimu anayempa mtoto wa miaka 14 mkuki wa gramu 800 kwa sababu ndio uliopo stoo, nafahamu shida yake, lakini afadhali mtoto afanye mbio na miruko wiki hiyo.

Kijana wangu aliniambia Julius Yego wa Kenya alijifunza mkuki kwa kutazama video. Ni kweli, na akawa bingwa wa dunia mwaka 2015. Nilimwuliza kama amewahi kuona video ya Yego akiwa amelala kitandani anapumzika. Video haikuonyeshi siku hizo.

Picha yake ilionyesha mwanya uliopanuka, kipande hakijang'oka. Niliandika kutorusha chochote miezi mitatu: mkuki, mpira, jiwe wala mwembeni. Kukimbia na kucheza mpira wa miguu ruksa. Mama aliipokea karatasi, akaikunja, akasema: "Mimi nimekuelewa. Lakini kwetu haya lazima ayasikie mjomba wake."

Kama wewe si wa Kusini, nikueleze kwamba hakuwa anakwepa. Huku mjomba ni mtu mzito, na mtoto wa dada yake ni wake. Nilisema aje.

Alikuja wiki iliyofuata, amevaa kofia yake safi, akakaa bila kuegemea kiti. Nilimwonyesha picha mbili dirishani, kiwiko cha kulia na cha kushoto. Alizitazama muda mrefu. Nikamweleza habari ya kamba na kijiti. Akauliza, "Kwa hiyo mwezi wa sita hashindani?" Nikasema hashindani. "Na mwalimu?" Nikasema barua ya mwalimu nimekwisha iandika, na safari hii ni ya kumzuia. Akanyamaza, kisha akamgeukia mpwa wake akamwuliza kwa nini hakusema tangu mwezi wa pili. Mtoto akajibu akiangalia chini: "Niliona umefurahi sana, mjomba."

Mzee yule hakusema neno. Alitoka nje kidogo, akarudi.

Mwezi uliopita kijana amefika tena. Mkono unanyooka, umebakiza kiasi kidogo sana. Mtaalamu wa fiziotherapia amempa ratiba: mirusho 20 ya taratibu, umbali mfupi, siku moja arushe na siku moja apumzike, na kuongeza kila wiki kama hakuna maumivu. Nimemnunulia daftari la kuandika idadi. Anayehesabu ni mjomba, jioni mashua ikisharudi, na daftari nitalikagua mwezi wa tisa.